Aliyefilisika na Wakili Wake

Wako ndugu zetu wa Garissa ambao ukame wa 2021 na 2022 uliwamalizia mifugo, zikabaki deni. Wengine hudhani Kadhi ndiye wa kuwaamulia. Sivyo. Katiba ya 2010 yampa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kufilisika hakumo. Hilo ni la Mahakama Kuu, nayo Garissa ipo, kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015.

Basi na atafutwe wakili. Kwanza aulizwe cheti chake cha mwaka huu, kwani hukoma kila tarehe 31 Disemba. Ujira uandikwe kabla ya kazi, kama tulivyoamrishwa kuliandika deni lenyewe. Kisha aambiwe yote: wawia wote, na hata ng'ombe walio kwa shemeji (twajuana!). Kuficha mali ni jinai.

Sheria humwacha huru muflisi baada ya miaka 3. Ama baina yake na Mola wake, deni li pale pale mpaka apate uwezo. Na asiye na mali kabisa, mwenye deni baina ya shilingi 100,000 na 4,000,000, amwulize wakili njia nyepesi iliyoko kwa Msimamizi Rasmi wa Ufilisi, kabla hajaomba hukumu ya kufilisishwa.