Mchezaji kijana apimwe kwa anachorudia kila wiki

Mtoto akimpiga mwenzake tobo kwenye kiwanja chochote cha Morogoro, watu hupiga kelele mpaka barabarani. Nawe mzazi ukiwa pembeni, ni rahisi kuamini kwamba huyo ndiye mchezaji. Subiri kidogo uone mpira umeishia wapi. Mara nyingi umeshapotea, na kuna mtoto mwingine, pengine beki wa pembeni, anakimbia kurudi kuziba pengo. Huyo mtazame vizuri.

Mfano ni Shomari Kapombe, mzaliwa wa Morogoro, aliyetoka Polisi Morogoro akajiunga na Simba mwaka 2011. Alipita Cannes ya Ufaransa na Azam, kisha akarejea Simba mwaka 2017. Ni beki wa kulia, nafasi isiyo na mbwembwe nyingi. Makocha wamempanga miaka yote hiyo kwa sababu wanajua watapata nini kwake: anapanda, anapiga krosi, anarudi kukaba.

Mwanao aanzie wapi? Aanze na mguso wa kwanza, yaani namna anavyoutuliza mpira unapomfikia. Anahitaji ukuta tu, na ruhusa ya mwenye nyumba. Apige kwa mguu wa kulia, aupokee, apige kwa wa kushoto, dakika 20, siku nne kwa wiki. Huko milimani Mgeta na Matombo, mpira ukikuponyoka unateremka hadi shamba la chini, na aliyekosa ndiye anayeufuata. Watoto wa huko hujifunza kuutuliza haraka.

Gharama je? Njumu za mtumba zinatosha, mradi zimkae sawasawa, zikimpwaya zitamchubua. Usikope ili ununue mpya. Fedha uliyonayo itangulie kwenye chakula na nauli ya mazoezini.

Utajuaje kama anakua? Chukua daftari la shule. Kila mechi andika mambo matatu: pasi zilizomfikia mwenzake, mipira aliyopoteza, na mara alizorudi kukaba. Mabao yaache, yana wasimuliaji wengi. Mechi moja mbaya isikutishe. Linganisha kumi za mwanzo na kumi zinazofuata. Kuwa makini zaidi wakati wa masika, Machi hadi Mei, maana viwanja vikijaa matope wengi huacha mazoezi na hawarudi tena. Kipindi hicho aruke kamba na kupiga pasi fupi barazani.

Chenga usimkataze. Mwelekeze tu pa kuzitumia: karibu na lango la wapinzani, kamwe si mbele ya lango lake.

Ataonekana wapi? Anza na mwalimu wa michezo. Shule za msingi zina mashindano ya UMITASHUMTA na sekondari zina ya UMISSETA, na mchujo huanzia shuleni hadi wilaya, mkoa na taifa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kiandaliwe mapema, na umri uwe wa kweli. Kwenye mashindano ya vijana chini ya miaka 17, CAF hutumia MRI, kipimo kinachopiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono, kuwabaini waliozidi umri.

Akija mtu anadai fedha ili ampeleke mwanao klabu ya Ulaya kabla hajafikisha miaka 18, usimpe hata senti. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho huo, isipokuwa katika mazingira machache maalumu. Mwambie muongozane hadi chama cha soka cha mkoa, akajieleze huko.