Tumbo Likipunguzwa, Mdomo Je?

Mdogo wangu wa Magongo, barua yako nimeisoma yote. Daktari keshakubali kukupunguza tumbo, sukari inakusumbua, na wewe unataka kujua ule nini kabla na baada. Kwanza usione haya. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye miaka 20 hadi 49 hapa Kenya wamezidi uzito. Na wanaokuambia ni kunyonywa mafuta tu, waache. Kunyonywa mafuta hubadili umbo, sukari haiguswi. Wewe utatolewa robo tatu ya tumbo au zaidi, na ile inayotolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa.

Kabla ya siku yenyewe, tafadhali, usile kwa kuaga. Nawajua watu wa kwetu: biriani ya harusi Mikindani Jumamosi, viazi karai Jumapili, “si nafunga kazi Jumatatu!” Hospitali nyingi hukupa mlo wa kama wiki mbili wenye wanga na mafuta kidogo, kwa sababu ini lililojaa mafuta huvimba likafunika tumbo, na daktari anayepita kwa matundu madogo ni lazima aliinue. Ini likinywea, kazi yake huwa rahisi. Kwa hiyo samaki wa kuchoma, mayai, pojo bila nazi, mchicha, chai bila sukari. Lakini ukipunguza wanga huku dawa ya sukari au insulini iko palepale, sukari itashuka ghafla. Daktari apange upya dozi kwanza.

Ukishatoka, ni vimiminika, kisha vya kusaga, kisha vilaini. Vigumu huanza baada ya wiki kadhaa. Fuata ratiba ya hospitali yako, si ya shangazi anayekuletea wali “upate nguvu”. Cha kwanza kwenye sahani kiwe protini, angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20, basi piga hesabu. Maji kando, yasubiri nusu saa baada ya kula.

Mahamri? Daktari akiruhusu, anza na mbaazi, nazi iwe nyepesi, halafu nusu hamri ukitafuna polepole. Unga laini wa ngano huwakwama wengi, na ukikwama usiusukume kwa chai. Mimi hamri halinitishi. Linalonitisha ni juisi ya muwa, soda na chai ya sukari unayonywa kutwa pale kibarazani. Tumbo dogo huzuia wali, haliwezi kuzuia kinachotiririka, na kwa njia hiyo uzito hurudi bila mtu kujaza sahani.

Sukari huweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kilo zikiwa bado zipo. Endelea kupima, kwa hilo huna haja ya kuvuka Makupa, hospitali ya Port Reitz iko karibu nawe. Vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma, kalisi na vitamini D ni vya maisha, hata ukijiona mzima. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, rudi hospitali upesi, maana kukosa vitamini B1 huumiza neva. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani usizimeze kabla ya kuuliza. Ramadhani pia iulizie mapema.

Na hili mama mkwe hatakuambia: uzito ukishuka, mimba hushika kwa urahisi kuliko zamani, ilhali madaktari hutaka ungoje miezi 12 hadi 18, mwili utulie. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vizuri ukitapika, basi uliza kuhusu sindano au kipandikizi kabla hujalazwa, na mumeo aende nawe asikie mwenyewe.