SOMO LA MWEZI: NYANYA KIJIJINI, MJUKUU MJINI

Lengo: Kikundi kitafute njia ya kuwaunganisha wajukuu walio mbali na nyanya na babu zao.

1. Tuangalie
Vijana wetu wamehamia Nairobi, Nakuru, na wengine ng'ambo, kutafuta kazi. Watoto wao wanakulia huko na Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Likizo ya Agosti wakija nyumbani, nyanya anaongea Kikuyu, mtoto haelewi. Wanabaki kutazamana tu mpaka mzazi atafsiri. Na kumbe mtoto huyo ndiye mwenye jina lake! Kwa desturi ya Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili la mama ya mama. Jina limemfikia mtoto, lakini habari za mwenye jina hazijui.

2. Tufikiri
Simu tunazo. Lakini tukipiga, tunaongea pesa, mbolea na hospitali. Mtoto anapewa simu mwishoni, asalimie tu, basi. Mtakatifu Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi (2 Tim 1:5). Nyanya ni mwalimu. Naye hatakuwa nasi siku zote.

3. Tutende
(a) Chagueni siku moja ya juma ya simu ya mjukuu. Aliye mjini ndiye apige, maana salio la nyanya ni dogo. Mambo ya pesa yangoje siku nyingine.
(b) Nyanya aanze na kitendawili: "Gwata ndaĩ!" Mtoto ajibu: "Ndagwata!" Akishindwa, akae nacho juma zima. Hapo atangoja simu.
(c) Mtoto amuulize nyanya swali moja: Ulipewa jina la nani? Mlipanda nini zamani?
(d) Mtoto akikosea lugha, asichekwe. Akichekwa atanyamaza kabisa.
(e) Likizoni, apewe kazi pamoja na nyanya: kuchambua maharagwe, kulisha mbuzi. Maneno huingia kwa mikono.

Mwaka wa 2021 Papa Fransisko aliweka Jumapili ya nne ya Julai iwe Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Kikundi kiitumie kuanza.

4. Maswali ya kujadiliana
- Ni wajukuu wangapi wa kikundi chetu wanaweza kuongea na nyanya zao bila mkalimani?
- Ni nani hapa hana simu, na jirani gani atamsaidia?
- Tutaanza siku gani?