Mcheulishe Taratibu, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba usiku wa manane unakaa kitandani na mtoto begani, unampigapiga mgongo nusu saa nzima mpaka mkono unakufa ganzi, naye keshalala zamani ila unaogopa kumlaza kwa kuwa hajacheua: leo nakujibu wewe, na wenzako wote wenye mtoto wa kwanza.

Hofu hiyo naijua. Mwanangu wa kwanza akiwa na wiki mbili, nilimnyonyesha saa nane usiku nikamlaza papo hapo, usingizi umenielemea. Mara maziwa yakamtoka mdomoni na puani, akakohoa, nikapiga yowe nyumba nzima ikaamka. Mama akamchukua, akamgeuza ubavu, akampangusa kwa ncha ya kanga, na mtoto akatulia. Tangu siku hiyo kila akimaliza kunyonya nilimgonga mgongo kwa nguvu kama anakung'utwa vumbi, hadi mama akanishika mkono. "Polepole. Mnyanyue vizuri, hewa itapanda yenyewe."

Na ndivyo ilivyo. Mtoto akinyonya humeza hewa pamoja na maziwa. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ukimweka wima huja juu ya maziwa na kupata njia. Kazi kubwa inafanywa na mkao, si kofi.

Tandika kanga begani. Mpandishe mpaka kidevu kikae juu ya bega, pua na mdomo viwe wazi, mkono mmoja umshike makalio. Kiganja cha mkono wa pili kikunje kidogo kama unayekinga maji, umpapase kutoka kiunoni kupanda juu, au umgongegonge kidogo tu. Bega likichoka, mkalishe pajani upande, kifua chake kiegemee kiganja chako, vidole vishike taya. Taya, mdogo wangu, koo usiliguse. Sasa mtazame uso: atakunja ndita, atajinyoosha, atabana ngumi, halafu hewa itatoka. Pengine itakuja na maziwa kidogo kwenye kanga. Hayo ni kawaida, kwa sababu mlango wa juu wa tumbo lake bado haujakaza.

Anayenyonya ziwa, mcheulishe unapombadilishia upande na anapomaliza. Wa chupa humeza hewa zaidi. Msimamishe katikati umcheulishe, na uiinamishe chupa ili chuchu ijae maziwa muda wote. Ukisikia mdomo unatoa mlio wa kubusu anaponyonya, hajashika ziwa sawasawa. Pitisha kidole kidogo pembeni mwa mdomo, mwachishe, umshikishe upya mdomo ukiwa wazi kabisa.

Asipocheua ndani ya dakika 5 hadi 10, na ametulia, mlaze. Sikufichi: huko Chandigarh, India, watafiti waliwafuatilia mama 71 na watoto wao, wengine wakifundishwa kucheulisha na wengine la. Kilio cha chango hakikupungua, na waliocheulishwa ndio waliorudisha maziwa mara nyingi zaidi. Mimi wangu nimewacheulisha wote, maana niliona wanapata nafuu wakiwa wanajinyonganyonga. Lakini mtoto aliyelala kwa amani, usimwamshe kwa ajili ya mcheuo.

Mlaze chali, bila mto. Najua wazee watakwambia atapaliwa. Akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yakirudi hushuka tumboni tena. Kumlaza kifudifudi ndiko kwenye hatari.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Mtoto analia, majirani wanasema ana chango, na kabla jua halijazama keshapewa kijiko cha mizizi iliyochemshwa. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, hata maji hapana. Mama mkwe akileta kikombe, pokea kwa adabu: "Ahsante mama, ila kliniki wamenikataza." Usimame hapo hapo, usilegee.

Ila akitapika kwa nguvu maziwa yakaruka mbali kila anyonyapo, au matapishi yakawa ya kijani au yenye damu, au tumbo likavimba na kuwa gumu, au akakataa kunyonya, hilo si la kucheulisha. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kadi ya kliniki ikionyesha uzito hauongezeki, mwambie muuguzi.

Na hilo bega la usiku, baba wa mtoto naye analo. Mwonyeshe mara moja namna ya kumshika, mpe kanga. Ukimaliza kunyonyesha mkabidhi mtoto, kisha wewe geukia ukutani ulale.