Paka Shume Akizeeka Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Tarbaj

Palipo na bucha na msikiti katika Kaunti ya Wajir, paka hawakosi. Tarbaj ni vivyo hivyo. Huzaliwa nyuma ya vibanda vya nyama na hukulia kati ya magunia ya mchele. Wachache wenye bahati huokotwa na familia fulani baada ya kuumwa na mbwa au kuponea chupuchupu magurudumu ya lori la El Wak. Wengi hufa wadogo. Lakini anayelishwa na kulala mahali salama hufika miaka 12, hata 15, na hapo mwenye nyumba hugundua kwamba ushauri mwingi kuhusu paka wazee ni wa watu wenye maji ya bomba, daktari wa paka mtaa wa pili, na paka apendaye kupakatwa. Mwongozo huu ni kwa asiye na hata kimoja kati ya hivyo.

Tuanze na hilo la kupakatwa, kwa kuwa linabadilisha kazi yote. Kitoto cha paka kisichozoezwa watu katika wiki nane hivi za mwanzo huwa na hofu yao maisha yake yote. Atakula kwako na kulala kivulini mwako, pengine atakusubiri mlangoni alfajiri, ila ukimshika atakuparura. Usimlazimishe. Hofu humdhoofisha mzee kuliko njaa ndogo, na mikwaruzo yake huleta usaha. Huyu unamtunza kwa macho: amekula nini, amekunywa kiasi gani, amekojoa wapi, na leo ameruka juu ya gunia au amelizunguka?

Kubwa kuliko yote ni maji. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori, yule kimburu ambaye bado anaishi katika vichaka vya nchi kame kama hii. Ni mnyama wa jangwa. Maji mengi aliyapata katika damu na nyama ya windo lake, na figo zake zina uwezo mkubwa wa kubana mkojo ukawa mzito ili tone lisipotee. Figo hizohizo ndizo huchoka mapema uzeeni. Tena huchoka kimyakimya: dalili zinapojitokeza, takriban theluthi mbili ya uwezo wake imekwisha. Utamwona anarudi bakulini mara kwa mara, mchanga wake unalowa kuliko zamani, manyoya yanasimama ovyo, mgongo unachongoka, kinywa kinanuka. Watu husema, "Afadhali, siku hizi anakunywa vizuri." Si afadhali. Anakunywa kwa sababu figo zimeshindwa kuyabana maji, na ukimpunguzia ili asikojoe sana unamuua.

Wakati wa Jilaal, visima vikishuka na lori la maji likichelewa, kuna atakayeuliza kama ni haki kumpa paka maji ya watu. Hesabu yenyewe ni ndogo. Paka mzima huhitaji takriban mililita 50 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, pamoja na maji yaliyomo katika chakula. Mwenye kilo 4 anahitaji glasi moja. Paka watano ni lita moja, yaani sehemu moja ya ishirini ya mtungi wa lita 20. Mgonjwa wa figo anaweza kutaka maradufu, na bado hamalizi mtungi.

Yawe maji gani? Visima vingi vya Wajir vina chumvi. Paka kijana huyamudu kwa sababu ya figo zile za jangwani. Mzee hana figo hizo tena. Mpe maji mnayopikia chai, na mvua za Gu na Deyr zikinyesha, kinga ya bati na uyahifadhi. Weka bakuli pana mahali pawili au patatu, kivulini, mbali na chakula na mbali na mchanga wake. Badilisha asubuhi na jioni, maana maji yenye vumbi na nzi hatayagusa hata akiwa na kiu. Wengine hupenda kunywa kwenye birika la udhu tu. Waachie. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, na akaeleza kwamba mnyama huyu si najisi.

Njia nyingine ya kumnywesha ni chakula. Mabaki ya anjera, wali na spageti hujaza tumbo bila kumlisha. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Huipata katika nyama, na akiikosa kwa muda mrefu moyo hudhoofika na macho hupofuka. Mwombe mwenye bucha vipande vya moyo na nyama ya mbuzi au ngamia, uvichemshe bila chumvi wala kitunguu, umkatie vidogo (meno ya mzee mara nyingi yameoza), kisha mimina supu yote juu yake. Kuchemsha huua pia vimelea vya nyama mbichi. Kitunguu na kitunguu saumu, hata vikiwa vimepikwa, huharibu damu ya paka, hivyo mabaki ya pilau hayamfai. Nyirinyiri nayo ina mafuta mengi mno kwa tumbo la mzee. Maini ayapate mara moja kwa wiki, kidogo. Yakiwa chakula cha kila siku, vitamini A huzidi na mifupa ya shingo hushikana. Nyama peke yake pia haina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo chakula cha paka cha paketi kikipatikana mjini, kiroweshe ukichanganye humo. Mfupa uliopikwa usimpe kamwe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Na maziwa ya ngamia? Najua kumnyima ni kama kumnyima mgeni. Hata hivyo paka wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, na kuhara katika nchi ya joto ni kupoteza maji yaleyale tunayohangaika kumwingizia. Mtu akisisitiza, iwe kijiko.

Kila mmoja ale katika sahani yake, hata kama ni kifuniko cha sufuria. Wakila katika sinia moja, hutajua nani ameacha kula. Asiyekula siku mbili ni mgonjwa, na kama alikuwa mnene ini lake huweza kujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi. Huyo hasubiri siku ya tatu.

Choo chake ni rahisi, kwa kuwa mchanga ni bure. Karai la kawaida lina ukingo mrefu kwa paka mwenye viungo vikavu, hivyo kata mtungi mkuukuu ubaki na kina cha vidole vinne, na upande mmoja uwe chini zaidi. Zoa kila siku. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba mayai ya kimelea cha toksoplasma, ambayo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Ukizoa mapema umeyawahi. Mwenye mimba asiifanye kazi hiyo. Usikimwage karibu na zizi wala kwenye majani ya mifugo, maana kimelea hicho hutoa mimba za mbuzi na kondoo. Hapa wafugaji hulaumu paka wazee bure: wanaotoa mayai hayo kwa wingi ni paka wachanga walioambukizwa mara ya kwanza. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhasi na kufunga kizazi, kwani jike hubeba mimba kwa miezi miwili tu na huweza kuianza kabla hajatimiza nusu mwaka.

Dume anayechuchumaa mchangani tena na tena, akilia, na mkojo hautoki, njia yake imeziba. Atakufa ndani ya siku mbili au tatu. Hakuna dawa ya nyumbani. Msafirishe sasa hivi.

Sasa sumu, ambazo katika nyumba ya wafugaji zimejaa kila kona. Dawa za kupe za kuogeshea mbuzi au kumwagia mgongoni mwa ng'ombe nyingi zina viambato ambavyo majina yake kwenye lebo huishia na "thrin". Kwa mbuzi ni salama, kwa paka ni mauti, kwa sababu ini lake haliwezi kuzivunja. Usimpake hata tone ili kuua viroboto, na usimruhusu alale juu ya mifugo kabla dawa haijakauka. Akianza kutetemeka na kutokwa mate, muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mtafute daktari. Kwa maumivu ya viungo, watu humpa paracetamol kwa huruma. Nusu kidonge kinatosha kumuua.

Joto la mchana mzee hulivumilia vibaya. Banda la mabati saa nane ni tanuri, hivyo mpe kivuli cha mti au cha turubai chenye upepo. Paka hahemi kama mbwa. Ukimwona ametoa ulimi anahema, mpoze kwa kitambaa chenye maji masikioni na miguuni. Usiku mfungie ndani. Kipofu hamwoni fisi, wala kiziwi hamsikii.

Daktari wa mifugo utakayempata kupitia ofisi ya kaunti au duka la dawa za mifugo huenda amezoea ngamia zaidi ya paka. Msaidie kwa taarifa: uzito wa mwezi huu na uliopita (mpime ndani ya kikapu kwenye mizani ya duka, kisha utoe uzito wa kikapu), lini aliacha kula, mkojo umeongezeka au umekoma. Akiwa na shaka, anaweza kushauriana na wenzake wa mijini au na KSPCA, chama cha kulinda wanyama chenye makao Nairobi. Kumkamata mzee asiyeshikika kunataka maandalizi: mlishe wiki nzima ndani ya kikapu chenye mlango, na siku ya safari funga mlango, ufunike kwa shuka. Gizani hutulia.

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende kituo cha afya ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Kampeni za kuchanja mbwa zikifika, peleka na paka. Chanjo nyingi za ugonjwa huo hutumika kwa wote wawili.

Linabaki suala la kuhama. Ukame ukizidi, familia hufuata malisho, au mama husafiri Garissa kwa matibabu na nyumba hufungwa. Paka kijana atajitafutia panya. Mzee hawezi, na kumchukua katika lori hadi mahali asipopajua ni kumpoteza, kwa kuwa atakimbia usiku wa kwanza akitafuta kwao. Zungumza mapema na jirani anayebaki. Mwonyeshe nani hula wapi na nani hunywa kwenye birika, mwachie hela ya bucha, na mtungi wa maji wa peke yake, ili asilazimike kuchagua kati ya paka wako na watoto wake.