Riwaya ya Kisayansi Imekukaa Kichwani? Igeuze Filamu

Umesoma riwaya ya kisayansi na tayari unaiona yote kwenye skrini. Safi. Kabla hujaandika neno, tafuta mwenye haki. Anza na mchapishaji, jina lake liko kwenye kurasa za mwanzo za kitabu. Yeye atakuelekeza kwa mwandishi au wakala wake.

Omba opsheni. Maana yake unalipa kiasi kidogo ili haki za filamu zisiuzwe kwa mtu mwingine kwa muda mtakaokubaliana, mwaka mmoja au miwili. Bei kamili ya kununua iandikwe humo humo. Ahadi ya mdomo usiijengee skripti.

Huna fedha? Chukua kitabu ambacho muda wa haki zake umekwisha. Sheria za Kenya na Tanzania humlinda mwandishi hadi miaka 50 baada ya kifo chake. H.G. Wells alifariki mwaka 1946, kwa hiyo The Time Machine na The War of the Worlds ziko wazi kwako. Ila shika riwaya yenyewe. Filamu zilizotengenezwa kutokana nayo zina wenyewe, na tafsiri pia huwa na haki zake.

Soma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa raha, ya pili kalamu mkononi. Kisha andika sentensi moja: nani anataka nini, na kinachomzuia ni nini. Kwa The Martian ya Andy Weir ni rahisi: mtu ameachwa peke yake kwenye sayari ya Mars na anataka kurudi nyumbani hai. Bandika sentensi yako ukutani.

Sasa kata. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo una kurasa 90 hadi 120 tu. Drew Goddard, aliyeandika skripti ya The Martian iliyotoka mwaka 2015, aliacha nje dhoruba ya vumbi na ajali ya gari kupinduka katika safari ya mwisho. Kitabuni zinasisimua kweli. Lakini kufikia hapo mtazamaji ameshajua kwamba Mars inaua. Nawe ukikuta hatari mbili zinazosema jambo lile lile, bakisha moja.

Kazi nzito kuliko zote ni mawazo ya wahusika, na hapa ndipo nataka utumie muda wako mwingi. Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965, karibu kila ukurasa unakuingiza kichwani mwa mtu. David Lynch, katika filamu yake ya mwaka 1984, aliwafanya waigizaji wanong'one mawazo yao juu ya picha. Unaambiwa hofu badala ya kuiona. Denis Villeneuve, katika filamu yake ya mwaka 2021, alimpa mhusika mkuu, Paul, na mama yake lugha ya vidole. Wanasemezana kimyakimya mbele ya adui, na kwa tendo hilo moja unaona hofu, siri na mafunzo ya miaka mingi.

Fanya hivyo hivyo. Pitia kitabu, pigia mstari kila "alifikiri", "alikumbuka" na "alihisi". Pembeni andika: mtu aliyesimama mlangoni angemwona akifanya nini? Mhusika akiwa peke yake, mpe pa kusemea. Kumbukumbu ambazo Mark Watney, yule mtu wa The Martian, anaandika kitabuni, kwenye filamu anazisema mbele ya kamera za kituo.

Ukibadilisha tukio, hifadhi kazi yake. Katika riwaya ya Dune miaka inapita, dada yake Paul, Alia, anazaliwa, na ni yeye anayemuua adui wa familia yao, Baron Harkonnen, akiwa bado mtoto mdogo. Kwenye filamu ya pili ya Villeneuve, ya mwaka 2024, Alia yuko bado tumboni na Paul ndiye anayemuua. Baron amekufa, hesabu ya familia imelipwa, na muda wote umebanwa ndani ya mimba moja. Mimi naona ni uamuzi mzuri, hata kama baadhi ya wasomaji walimkosa mtoto yule.

Usifungue filamu kwa darasa la historia ya ulimwengu wako. Chagua kitu kimoja ambacho watu wanakitumia kila siku, kisha tuonyeshe. Filamu Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, haikutoka kwenye riwaya, lakini itazame kwa somo hili. Watu wanachuja jasho na mkojo wao wapate maji ya kunywa. Ukishaona hivyo, umeielewa dunia nzima ile. Na chupa ya maji ni bei nafuu kuliko chombo cha angani, kwa hiyo mbinu hii inaokoa bajeti pia.

Rasimu ikikamilika, kusanya marafiki wachache waisome kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Hakikisha angalau wawili hawajawahi kukigusa kitabu. Usiwafafanulie chochote. Kila wanaposimama kuuliza "huyu nani?" au "hiki ni nini?", weka alama kwenye ukurasa huo. Kesho yake anza kuandika upya kutoka kwenye alama ya kwanza.