Mwivi Aliyevaa Nguo za Nyumba

Wagonjwa wengi hutuuliza: "Kama mwili una askari wake, mbona Ebola inaua upesi hivi?" Ni ulizo jema. Sikilizeni.

Virusi ya Ebola ni ndogo sana, haionekani kwa macho. Juu yake kuna miiba ya protini, na miiba hiyo imefunikwa na sukari. Si sukari ya chai. Ni minyororo midogo inayofanywa na chembe za mwili wetu wenyewe, kwa sababu virusi huzaliwa ndani ya chembe zetu, nayo hutoka humo imevaa nguo za nyumba yetu. Mwivi akivaa koti la mwenye nyumba, mbwa atambwekea namna gani?

Askari ninaowasema huitwa kingamwili. Kila moja ina umbo la herufi Y, na mikono yake miwili hushika umbo moja tu, kama kifuniko kinavyoenea chungu chake. Nyingine hushika ile sukari ya juu, na mara nyingi kazi yao ni bure. Kwa nini? Chembe ikisha kumeza virusi ndani ya mfuko mdogo, vimeng'enya vya chembe hukata kofia ile ya sukari. Hapo ndipo ufunguo wa virusi unapotokea. Ufunguo huingia katika kufuli liitwalo NPC1, na adui amekwisha kupita. Askari aliyeshika kofia amebaki na kofia mkononi!

Mwaka 1995 Ebola ilikamata watu 315 kule Kikwit. Munganga Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakapona. Wataalamu wengine walitia shaka, maana 8 ni wachache. Lakini miaka 11 baadaye damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilipimwa, nayo ilikuwa bado inamkumbuka adui. Kutoka humo ikapatikana kingamwili iitwayo mAb114. Hiyo hupenyeza mkono chini ya kofia na kushika mahali pa ufunguo. Kofia ikikatwa, yenyewe haiachi.

Tangu Novemba 2018 ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika kazi iliyoitwa Pamoja Tulinde Maisha. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, dawa nyingine ya kingamwili, walikufa karibu 50. Kwa mAb114 walikufa 35.

Sasa angalieni jambo hili vizuri. Wale waliopewa mAb114 wakiwa na virusi kidogo katika damu, walikufa karibu 10 kwa 100. Wale waliokuwa na virusi nyingi, karibu 70. Kingamwili huziba ufunguo, lakini haifufui chembe zilizokwisha kuharibika. Mama anayefichwa nyumbani siku tano, huku jamaa wakibishana kama ni malaria ao uchawi, virusi yake haingoji mabishano yao kwisha.

Dawa hutiwa katika mshipa mara moja tu. Marekani iliiidhinisha Desemba 2020, kwa Ebola ya namna ya Zaire peke yake. Ile ya Isiro ya mwaka 2012 ilikuwa ya namna ya Bundibugyo, yenye miiba mingine. Kwa hiyo damu hupimwa kwanza ijulikane ni adui gani.